Asali ya Baba Haikuwaka

Wasomaji, naanza kwa kuwaomba radhi. Mwandiko wangu ni mbaya na tahajia siijui vizuri. Niliishia darasa la nane, na tangu hapo kalamu nimeishika kwa kuandika tu kwenye vibandiko vya chupa. Ukurasa mmoja wanichukua mchana kutwa. Atakayepiga chapa haya anisahihishie herufi panapobidi, lakini tafadhali asiniongezee maneno. Mambo haya yote sijapata kumweleza mtu kwa mdomo. Nikitazamwa na watu watatu tu ulimi wanikauka. Ndiyo maana naandika.

Mama yangu huuza asali nyumbani kwetu Likoni, barazani. Alianza alipoachana na baba, nami nilikuwa na miaka saba. Asali huja kwa madumu kutoka Kinango na Mariakani, nasi twaitia kwenye chupa. Wanunuzi ni watu wenye haja. Huyu mtoto wake anakohoa, yule mkewe amejifungua juzi, mwingine ataka ya kuchanganya na habasoda kwa ajili ya baba yake aliyepooza. Si watu wa kununua utamu tu. Kwa hiyo ukiwauzia sukari, umewauzia dawa isiyokuwa dawa.

Mama aliwahi kufanya hivyo bila kujua. Mwaka wake wa kwanza aliuziwa dumu zima la sukari guru iliyochemshwa, juu kumeelea kipande cha sega ili mtu asishuku. Chupa zikarudishwa moja moja. Mwanamke mmoja alisimama kichochoroni akawatangazia wapita njia kwamba hapa kuna mtu anawalisha wagonjwa sukari. Mama alifunga mlango akakaa ndani siku tatu. Alipotoka alikuwa na kasha la kiberiti mkononi, na tangu siku ile hapaingii asali kwetu bila kupimwa.

Kazi ya kupima alinipa mimi nilipofika miaka minane. Mikono yake hutoa jasho, yangu ni mikavu. Kiberiti tulikiweka ndani ya kopo lenye punje za mchele, kwa sababu hewa ya kwetu ina unyevu, huviza kila kitu. Watoa njiti, wachovya kichwa chake kwenye asali, waipangusa kwenye mdomo wa chupa, kisha waipiga ubavuni mwa kasha. Asali ya kweli hunung'unika kidogo halafu njiti yawaka. Iliyotiwa maji hulainisha kile kichwa, na badala ya moto wapata mstari wa rangi ya udongo kwenye kasha. Baada ya hapo twapima kwa gazeti: tone likipenya likaonekana upande wa pili, asali ina maji. Twapima kwa ukucha wa gumba: tone la kweli hukaa pale kama ushanga, la uongo huteleza. Mwisho twadondosha kwenye bilauri ya maji tuone kama lazama zima zima.

Nilipenda kazi ile kwa sababu haikutaka maneno. Mwenye dumu alisimama kimya, mama alisimama kimya, na wote walitazama njiti, hawakunitazama mimi. Mama alikuwa akisema, "Watu watakudanganya. Kiberiti hakina mjomba wala shangazi."

Baba alikuwa mtu wa Jomvu Kuu, mkata boriti za mikoko. Alipokuja kunitazama hakuingia ndani. Alikaa upenuni, viganja vimeingia wekundu wa magome ya mikoko usiotoka hata kwa sabuni, nami nilikaa kando yake. Hakuniuliza nimekuwa wa ngapi shuleni. Alichonga kijiti kwa kisu, nami nilikitazama kijiti kikipungua, mpaka jua likahama tukahama nalo. Sijapata tena mtu wa kukaa naye hivyo. Wengine wote hunihurumia wakaanza kuzungumza.

Lakini kuja kwake kulikuwa kwa nadra, na ahadi zake mama alizihesabu zote zisizotimia. Aliahidi kuezeka upya paa la jikoni, hakuja. Aliahidi Idi, hakuja. Mama aliamini kwamba yule mtu ni mwongo wa asili.

Mwaka nilipomaliza darasa la sita, likizo ya Disemba, alikuja baada ya adhuhuri amebeba kitu ndani ya kikoi. Mama alikuwa anajaza chupa. Jirani yetu, mwanamke mwenye sauti ya kusikika mpaka ng'ambo, alikuwa amekaa mkekani akila mabuyu, na wanunuzi wawili walikuwa wakingoja.

"Hodi," akasema baba.

"Karibu," akasema mama, uso kwenye chupa. Sauti aliijua.

"Nimekuja kumwombea mtoto ruhusa. Likizo hii akae kwetu Jomvu. Dada yangu yuko, hatakuwa peke yake."

"Mtoto ana kazi hapa."

"Wiki mbili tu."

"Wiki mbili zako nazijua. Ile Idi uliyosema waja kesho, hiyo kesho mpaka leo haijafika."

Jirani akacheka, punje ya buyu ikamtoka mdomoni. Baba akafungua kikoi. Ndani mlikuwa na chupa ya sharbati imejaa asali nyekundu, imezibwa kwa gunzi la hindi.

"Nimemletea asali. Yangu mwenyewe. Nimetundika mizinga mitano."

Hapo mama akainua uso. "Wewe? Umetundika wapi?"

"Mikokoni."

"Mikokoni!" akasema jirani. "Haya shemeji, kesho tuletee na maziwa ya pweza."

Wanunuzi wakacheka. Baba naye akatabasamu, akadhani anataniwa tu.

"Ni kwenye michu," akasema. "Katika mikoko, mchu una maua. Madogo, ya manjano."

"Na maji yakijaa, hao nyuki wako hupiga mbizi?"

"Maji yakijaa wao wako juu."

"Miaka yote mwaikata miti hiyo, mke hakuletewa hata ua moja. Leo nyuki ndio wameyaona!"

Mama hakucheka. Alilitoa lile gunzi, akanusa, akaiinua chupa juani. Asali ilicheza ndani upesi upesi, kama chai. Niliona uso wake unavyobadilika, nikajua anakumbuka kile kichochoro na yule mwanamke aliyekuwa akitangaza.

"Tufanye hivi, na watu hawa ni mashahidi," akasema. "Hapa asali haiingii bila kupimwa. Hii ikiwa ya kweli, mtoto na afunge nguo zake aende nawe sasa hivi. Ikiwa sukari, usije kuniomba tena."

"Wallahi ni ya nyuki."

"Usiape. Viapo vyako nimevisikia miaka mingi." Akaniita.

"Abee, mama."

"Leta kasha."

Nililileta. Nataka mjue kwamba nilitaka kwenda. Jomvu sikuwa nimefika hata siku moja. Nilikuwa nimeshafikiri nguo gani nitavaa na ipi nitaacha. Nilisema Bismillahi moyoni, nikachovya njiti, nikaipangusa vizuri kuliko siku zote, nikaipiga.

Mstari wa udongo.

"Moja," akasema jirani.

Ya pili niliipangusa mpaka karibu niimalize asali yote. Ilitoa moshi kidogo, moto haukuja. Ya tatu ilivunjika kichwa. Mama akanipa gazeti. Tone lilipenya likatokea upande wa pili papo hapo. Kwenye ukucha liliteleza likanishukia kidoleni. Katika bilauri lilizama, lakini liliacha mkia mrefu nyuma yake.

"Asali ya huko ni nyepesi," akasema baba. Sauti ilikuwa imepungua. "Ndivyo ilivyo. Tena ina chumvi kidogo."

"Ina chumvi!" Jirani aliushika mlango asianguke. "Jamani, asali ina chumvi! Basi tukaangie samaki!"

Mimi nilikuwa nimekilamba kile kidole. Ilikuwa tamu, halafu ikaja chumvi kwa mbali, halafu koo likawaka, mwako ule ambao sukari haina, hata ukiichemsha vipi. Nilikuwa nimeshaonja madumu mengi. Ulimi wangu ulijua.

Mama akaniuliza, "Wasemaje, fundi wangu?"

Wote wakageuka. Jirani, wanunuzi wawili, mama, na baba. Macho yote yale hayakuwa kwenye njiti tena.

Nikasema, "Haikuwaka."

Nilisema kweli. Kama ningesema uongo labda ningetubu nikapumzika, lakini kweli yatubiwaje? Nilichagua neno lililokuwa fupi kuliko yote, ili wageuke upesi.

Baba alijifunga kikoi chake. "Basi, mama," akaniambia mimi, maana ndivyo alivyoniita. "Soma kwa bidii." Akaondoka, chupa akaiacha. Sikumsindikiza hata hatua moja.

Mama aliimwaga ile asali chini ya mpapai. Asubuhi yake nyuki walijaa pale mpaka udongo hauonekani. Jirani alisema nyuki nao wapenda sukari, na hilo pia ni kweli.

Baba hakuja Idi iliyofuata wala ya baada yake. Nilimaliza shule, nikawa mpimaji wa kutwa. Watu walianza kuniletea asali walizonunua kwingine, hata kutoka Mtongwe na Ng'ombeni, niwapimie. Nilizipima. Lakini kila mtu aliposhuka kutoka barabarani na kitu ndani ya kikoi, nilisimama kwanza kabla ya kuona ni nani.

Masika moja, mama alikuwa ameenda sokoni, akaja mama wa Kiduruma ambaye hutuletea asali tangu nikiwa mdogo. Huyu asali yake haikuwahi kukataliwa. Alikuwa amelowa mpaka hando, lile vazi la marinda alilovaa chini ya leso. Alitua dumu, nikatoa kiberiti kwa desturi tu. Njiti haikuwaka. Nikatoa ya pili. Nayo haikuwaka. Niliinamisha kichwa, sikujua nimtazame vipi.

"Haiwaki?" akauliza.

"Haiwaki, mama."

Akacheka, akajikamua leso. "Mzinga ni uleule, mti ni uleule. Mvua yanyesha wiki tatu, nayo asali yanywa. Mwanangu, hicho kiberiti chapima maji. Nyuki hakiwapimi."

Nikalitazama kasha mkononi mwangu.

"Na yule jamaa mwingine awaleteaye asali, yule wa dumu la buluu, yake yawaka?"

"Kila siku."

"Itakosaje? Sukari ukiichemsha mpaka igande kwenye mwiko, mbona itawaka hata ukichovya msumari!"

Sikuwa nimewahi kumwuliza mleta asali swali lolote. Siku hiyo nilisikia sauti yangu ikiuliza, "Na ya mikokoni?"

"Ya mikokoni? Nyepesi kama uji wa mgonjwa. Hiyo haiwaki masika wala kiangazi. Lakini ni asali, tena ya mchu ni nzuri kwa kifua. Kwani waitaka?"

Nilimwambia ndiyo, naitaka. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikasimama mpaka mvua ikanilowesha kama yeye.

Usiku nilimweleza mama. Alikuwa anachagua mchele kwenye uteo, hakuacha.

"Mimi ningejuaje?" akasema.

Baadaye akasema, "Na wewe? Ulijua?"

"Niliilamba."

"Nami nilikuuliza. Si nilikuuliza mbele ya watu?"

"Uliniuliza."

Aliuweka uteo chini. Hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Asubuhi alinitolea leso mpya kutoka sandukuni, jozi nzima haijakatwa. "Mpelekee wifi yangu," akasema. "Na baba yako mwambie nimekupa ruhusa." Alifika mlangoni akarudi. "Mwambie mimi ndiye niliyekosea kupima. Usiseme ni wewe."

Nilivuka feri, nikapanda gari mpaka Changamwe, nikauliza njia mara mbili, ambalo kwangu ni jambo kubwa. Jomvu Kuu nilishuka kwa miguu kati ya mashamba ya mihogo hadi nikaona maji ya hori, mkono wa bahari. Nyumba ya shangazi nilionyeshwa na mtu aliyekuwa akishona nyavu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. U mwana wa nani?"

Nilipomtajia baba, alinishika mashavu kwa mikono miwili yenye unga wa mahamri. "Ndiye wewe," akasema. "Umechelewa, mwanangu."

Baba alikuwa ameondoka mwaka mmoja na nusu nyuma. Alijiunga na wakata boriti waliokwenda upande wa Lamu, akasema atarudi baada ya miezi minne. Salamu zilikuja mara moja tu, kwamba ni mzima na yuko kambini huko mikokoni. Baada ya hapo kimya. Kambi huhama, shangazi akasema, na ndugu yake hajui kuandika, na kumtuma mtu mwingine amwandikie huona haya.

"Kila likizo alituambia utakuja," akasema. "Siku ile aliporudi kutoka kwenu nikamwuliza, mtoto yu wapi? Akasema una mitihani. Likizo ya pili una mitihani. Ya tatu, mitihani. Nikamwambia, kaka, huu ni mtihani gani usokwisha?"

Niliketi chini. Alidhani nimechoka kwa njia, akanipeleka nikapumzike. Chumbani mlikuwa na kitanda cha kamba, miguu yake ya mti wa mkoko, kamba zimesukwa vizuri hazijalegea hata moja. Shangazi aliondoa magunia yaliyokunjwa juu yake.

"Alikisuka wiki ile kabla ya kuja kwenu," akasema. "Hakijalaliwa."

Nililala. Kilikuwa cha mtoto wa darasa la sita. Miguu yangu ilipita ukingo ikaning'inia, nikaikunja.

Kesho yake maji yalipotoka, shangazi alinipeleka mikokoni. Tulizama tope mpaka magotini. Kati ya mizinga mitano miwili ilikuwa imeanguka, miwili mitupu, mmoja una nyuki. Mchu ulikuwa umechanua. Maua yenyewe ni madogo hata hayafai kuvalishwa mtu sikioni, lakini harufu yake ilikuwa ileile niliyoilamba. Niligusa jani nikaonja upande wa chini. Lilikuwa na chumvi.

Nilikaa Jomvu wiki mbili. Nilimsubiri kila siku, ijapokuwa niliambiwa hayupo.

Sasa mimi huenda Jomvu kila baada ya miezi michache. Nimejifunza kufukiza moshi na kutoa masega bila kuwaua nyuki, na mizinga imekuwa minne. Asali yake naileta Likoni. Mama ameitengea meza peke yake, na mtu akitoa kiberiti mfukoni humwambia kabla sijafungua mdomo, "Hiyo haiwaki, usijisumbue. Ilambe." Wengine huondoka wakisonya. Yeye huwaacha waondoke. Jirani yetu siku hizi hununua chupa mbili kila mwezi, ya kifua chake, wala hatukumbushani.

Lakini baba hajarudi, na hajui kwamba asali yake yauzwa kama asali ya kweli. Hilo ndilo lisilonipa usingizi. Nahofia kwamba huko aliko, akiwaona nyuki kwenye mchu, huwapita.

Jina lake sikuliandika. Ni mtu wa haya, na hangependa lisomwe hadharani. Namweleza tu: ni wa makamo, mwembamba, viganja vyekundu kama wakata boriti wote, na ukikaa naye hakuulizi kitu. Wewe unayesoma haya huko Lamu, Faza, Kipini, au popote pengine penye mikoko, ukimjua mtu wa namna hiyo aliyetoka Jomvu, msomee ukurasa huu. Yeye hajui kusoma. Msomee mkiwa wawili tu, na usimtazame sana unapomsomea. Mwambie ruhusa imetoka na mtihani umekwisha.

Kisha niandikie. Hata kama uliyemwona si yeye, niandikie ulimwona nani na alikuwa akifanya nini. Barua ikiwa fupi haidhuru, na mwandiko ukiwa mbaya nitauelewa. Mimi nasoma polepole, lakini nitaisoma yote.